Mlima, Umusozi na Shamba: Lugha ya Kuongoza Wapanda Milima kati ya Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala haya yanafafanua matatizo ya kimsamiati na ya kipragmatiki yanayomkabili mwongozaji wa safari za milimani nchini Burundi anapotumia Kiswahili, hasa katika maeneo ya Gitega na Muyinga. Yanajadili maneno yanayofanana kwa umbo baina ya Kirundi na Kiswahili lakini yakatofautiana kwa maana, urithi wa msamiati wa misafara ya kale, na namna lugha ya adabu inavyoweza kuchelewesha uamuzi wa kumshusha mgonjwa kutoka mlimani.

Utangulizi

Burundi ni nchi ya nyanda za juu. Mji wa Gitega, ulioanza kuwa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha juu kabisa nchini, Heha, kinapita mita 2,600. Hata hivyo, nchi hii haina mlima unaofanana na Kilimanjaro wenye mita 5,895 au Rwenzori wenye mita 5,109, ambako mtu huviacha vijiji nyuma na kuingia penye mawe na barafu. Milima ya Burundi inakaliwa. Mgeni anayetembezwa kutoka Gitega kwenda Gishora kuyaona mahali pa ngoma za kifalme, ambazo ngoma na mchezo wake viliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014, hupita kwenye migomba, mihogo na nyua za watu. Mwongozaji wake kwa hiyo anafanya kazi mbili: anaonyesha njia, na anamwombea mgeni ruhusa kwa wenyeji kwa salamu.

Muyinga ina sura nyingine. Iko kaskazini-mashariki, jirani na kituo cha mpakani cha Kobero, na mto Ruvubu pamoja na hifadhi yake hauko mbali. Kiswahili kimekita mizizi huko kupitia biashara, jumuiya ya Waislamu, na Warundi waliorejea kutoka kambi za wakimbizi nchini Tanzania. Gitega nayo ina wazungumzaji wa Kiswahili wa muda mrefu, lakini katika shughuli rasmi za utalii Kifaransa ndicho kilichotangulia. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilikitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kiswahili hakikupewa hadhi hiyo. Mwongozaji wa Burundi anakitumia, basi, kama lugha ya kazi na ya ujirani, mara nyingi bila mwongozo wa istilahi.

Maneno ya sura moja

Ugumu wa kwanza unatokana na ukaribu wa lugha zenyewe. Mtu anayejifunza lugha ya mbali hujihadhari. Anayejifunza lugha ya jirani hujiamini. Katika Kirundi, neno umusozi hubeba maana ya kilima na ya mlima pia, na ndilo jina la ngazi ya chini ya utawala, ile inayoitwa kwa Kifaransa colline. Kiswahili hutenganisha mlima na kilima kwa viambishi vya ngeli. Mrundi anayeulizwa na mgeni, “Huo ni mlima au kilima?” anatakiwa kugawa kitu ambacho lugha yake haikuona haja ya kukigawa. Akijibu “mlima” kwa kila mwinuko, mgeni aliyezoea Kilimanjaro atajiandaa kwa safari ya siku nzima na kufika baada ya nusu saa. Hilo halina madhara. Akijibu “kilima” kwa safari ya saa 6 kwenye jua, mgeni ataondoka na chupa moja ya maji.

Neno mlima lenyewe lina mtego wake. Kirundi hakitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili sanifu kinavyofanya, na kina neno umurima, lenye maana ya sehemu iliyolimwa. Mzungumzaji anayelitamka mlima kama “mrima” analisogeza jirani kabisa na neno la kwao la ardhi ya kilimo. Kitenzi cha Kiswahili kupanda nacho kina maana ya kwenda juu na pia ya kutia mbegu ardhini, wakati Kirundi hutumia vitenzi viwili tofauti, kuduga na gutera. Sentensi “Kesho tunapanda mlima” inaweza, kwa sikio la Mrundi aliyejifunza Kiswahili darasani, kuwa habari ya msimu wa mvua. (Na kwa Mswahili wa pwani, Mrima ni jina la pwani ya bara inayoikabili Unguja, safari ya neno hili ingestahili makala yake.)

Mtego mzito zaidi ni shamba. Kwa Kirundi, ishamba ni msitu au pori. Kwa Kiswahili, shamba ni ardhi iliyolimwa. Maana hizi mbili zinakaribia kuwa kinyume. Mwongozaji wa Ruvubu anayesema, “Tukitoka hapa tunaingia shambani,” anaweza kuwa anawaonya wageni kwamba wanafika penye nyati na viboko, nao wakaelewa kwamba wanafika penye mahindi na watu. Inafaa kukumbuka kwamba jina Ruvubu lenyewe linahusishwa na imvubu, yaani kiboko. Katika mafunzo ya waongozaji, jozi hii ingepaswa kutangulia mbele ya orodha ndefu za majina ya ndege.

Urithi wa misafara

Si kweli kwamba Kiswahili hakina lugha ya safari ya kuongozwa. Karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilikuwa na msamiati kamili wa kazi. Kirangozi alitangulia mbele na kujua njia. Mnyapara alisimamia wapagazi. Mpagazi alibeba mzigo. Posho ilikuwa chakula cha njiani. Kambi ilikuwa mahali pa kulala. Maneno mengi kati ya hayo yamehamia milimani. Kilimanjaro, mpagazi na posho bado ni maneno ya kila siku, na wapagazi huitana wagumu, jina linalobeba fahari na malalamiko kwa pamoja. Kirangozi, kwa upande wake, limepotea na nafasi yake kuchukuliwa na kiongozi, ambalo linamtaja pia mkuu wa nchi na wa chama. Ndiyo sababu wengi hulikwepa na kusema mwongoza watalii, au gaidi kutoka Kiingereza, neno linaloshabihiana vibaya na lile la mtu anayetisha raia kwa silaha. Kulirejesha kirangozi kungeondoa utata huo, ingawa istilahi hairejei kwa amri ya wanaisimu.

Kuna pia hesabu ya saa. Wapandaji wa Kilimanjaro huanza safari ya kileleni karibu na saa sita usiku ili wafike juu kwenye mapambazuko. Mgeni aliyezoea kuhesabu saa kuanzia usiku wa manane atasikia “saa sita” na kuweka kengele yake asubuhi ya saa kumi na mbili, wakati wenzake wameshaondoka. Mwongozaji makini hutaja saa kwa mitindo yote miwili.

Neno la kumshusha mtu

Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana juu ya mita 2,500. Kwa hiyo milima ya Burundi haijawafundisha wenyeji kuupa jina, na Mrundi anayetafuta kazi kwenye milima mirefu ya ukanda huu anakutana nao kwanza katika lugha ya pili. Neno linalokuja haraka ni kizunguzungu, nalo ni jepesi mno. Kizunguzungu hupita mtu akikaa kivulini. Maji yakiingia kwenye mapafu, au ubongo ukivimba, hali haipiti kwa kukaa. Mgonjwa lazima ashuke. Mwongozaji anahitaji dalili kuliko anavyohitaji jina: kichwa kinachouma bila kutulia, kutapika, kuhema hata mtu akiwa amekaa, kuyumba kama mlevi anapoambiwa atembee kisigino kikigusa vidole, maneno yasiyoshikamana.

Hapo ndipo pragmatiki inapokuwa suala la uhai. Adabu ya Kiswahili haipendi amri tupu kwa mgeni, hasa akiwa mtu mzima aliyelipa fedha nyingi. Kijana hamwambii mzee “shuka”. Atasema, “Mzee, tushuke kidogo,” au “Tupumzike kwanza.” Dhamira tegemezi inaligeuza agizo kuwa pendekezo, na neno kidogo linapunguza hata pendekezo lenyewe. Mgonjwa ambaye akili yake imeanza kuvurugika, na ambaye anakitamani kilele, atajibu kwamba bado ana nguvu. Vivyo hivyo neno pole: kwa Mswahili ni faraja kwa aliyepatwa, lakini mgeni aliyefundishwa polepole tangu langoni hudhani anaambiwa apunguze mwendo, naye huendelea kupanda.

Suluhisho haliko katika kuwa mkali. Kiswahili kina njia ya kauli yenye heshima isiyofungua mjadala: wakati uliopo wenye kiambishi -na- na nafsi ya wingi. “Mzee, tunashuka sasa.” Heshima imebaki katika jina la kumwita, na kitenzi kinaarifu jambo linaloendelea kutendeka. Kirundi kinafanya vivyo hivyo, turamanuka ubu nyene, na mzungumzaji wake hahitaji kujifunza sarufi mpya ili aitumie kauli hiyo. Anachohitaji ni kuizoea kabla ya siku ya kuihitaji, pamoja na mpagazi ambaye, akiisikia tu, anageuza mzigo na kutangulia kuelekea chini.