Mteja Asiyerudi Haagi

 

Katika ukurasa huu tumeshazungumza juu ya akiba, mikopo na kuweka vitabu vya hesabu. Mara hii tunataka kumzungumzia mtu ambaye bila yeye vitabu hivyo havina la kuandikwa. Mtu huyo ni mteja.

Tuanze na kisa. Kikundi kimoja cha akina mama 14 hapa Kitengela walichangiana katika chama chao kwa muda mrefu. Mwishowe wakafungua kihoteli cha kahawa na chai karibu na barabara ya kwenda Namanga. Miezi ya kwanza viti vilijaa. Baadaye wateja wakapungua pole pole, mpaka kodi ya nyumba ikawa inalipwa kutoka kwa akiba ya wanachama. Akiba hiyo, ndugu zetu, ilikuwa karo ya watoto.

Walipotuita tuliwakuta wanalaumiana. Mmoja alisema ni hali ya uchumi. Mwingine alisema jirani amewatilia mkosi. Wa tatu akasema, "Chema chajiuza, sisi tungoje tu." Tuliuliza swali moja: "Je, mmewauliza wateja?" Kila mtu akanyamaza.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme mteja mmoja anakunywa chai ya shilingi 30 na kula mandazi ya shilingi 10 kila siku, kwa siku 26 za mwezi. Hizo ni shilingi 1,040. Wakiondoka wateja kumi wa namna hiyo, mauzo yamepungua shilingi 10,400 kwa mwezi. Na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kuaga. Mteja akiudhika hagombani na wewe, anavuka tu barabara.

TULIVYOULIZA

Ukimuuliza mteja mbele ya mwenye hoteli, atakwambia, "Chai ni tamu, mama." Anaona haya. Kwa hiyo waliouliza hawakuwa wenye hoteli, walikuwa wanakikundi wa jumuiya nyingine. Walikaa kwenye benchi na wanaokunywa, kisha wakaenda stendi kuwatafuta walioacha kuja. Maswali yalikuwa mawili tu: Ni nini kilikupendeza? Na ni nini kilikufanya usitake kurudi? Waliandika maneno kama yalivyosemwa, bila kujitetea wala kubishana.

TULIYOYASIKIA

1. "Chai ina chumvi." Kumbe kikundi kilikuwa kimeacha kununua maji matamu ili kuokoa pesa, kikatumia ya kisima. Sisi wa Kajiado tunajua maji yetu. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala floraidi, ile inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Tena maji yakichemka sana yanapungua, na chumvi inabaki ile ile. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na visima vingi vya kwetu vinapita hapo. Tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwa mabati lingesaidia chai na meno pia.

2. "Kibao kinasema kahawa ya kusaga, nami nimeletewa ya kopo." Kahawa ya kusaga ilipokwisha, walitia ya kopo na bei haikushuka. Nchi yetu inajulikana duniani kwa kahawa. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Bura, Taita, mwaka 1893, lakini mpaka leo sehemu kubwa inauzwa ng'ambo na sisi tunakunywa chai. Hata hivyo mtu anayelipa zaidi ili anywe kahawa anaijua ladha yake. Ukimdanganya mara moja, hataamini hata mandazi yako.

3. "Maziwa yamekuwa maji." Wakati wa ukame mkali wa 2020 hadi 2022 mifugo mingi ilikufa Kajiado na maziwa yakawa adimu. Kikundi kiliona jinsi hoteli nyingine zilivyoongeza maji wakati ule, nacho kikaiga kila maziwa yanapopanda bei. Wateja walituambia kwamba wangekubali kuongezewa shilingi tano, mradi waambiwe. Kilichowaudhi ni kufichwa.

4. "Mimi nina dakika tano." Huyu alikuwa makanga wa matatu. Alisema chai inaanza kupikwa baada ya yeye kuagiza, na gari haliwezi kumngoja. Chupa mbili kubwa za kuhifadhi chai moto zingemrudisha.

5. "Sikuja kuangaliwa." Haya ni maneno ya mzee mmoja kutoka upande wa Kajiado, aliyekuja Kitengela kwa shughuli za ng'ombe wake. Aliingia na shuka yake na rungu. Vijana wa ofisini walioingia nyuma yake wakahudumiwa kwanza. Alipochelewa kidogo kutafuta namba ya kulipia kwenye simu, mtu akacheka. Mzee alilipa, akanyanyuka, akaacha kikombe nusu.

Jambo hili la tano lilituuma kuliko yote. Maji unaweza kununua na bei unaweza kurekebisha, lakini heshima haiuzwi dukani. Kila anayeketi mezani petu ni mgeni, na Wakristo tunajua ni nani anayekuja kwetu kwa sura ya mgeni.

Yako pia mazuri tuliyosikia. Mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari alisema hakosi kuja kwa sababu msichana wa pale anakumbuka kumletea chai isiyotiwa sukari bila kuulizwa. Hilo halikumgharimu mtu hata senti.

KUONA, KUAMUA, KUTENDA

Kuona kulikuwa kumekwisha, sasa kulikuwa na kuamua. Hapo pakawa na moto. Msichana aliyehudumu alikuwa binti wa mweka hazina, na wengine walitaka afukuzwe siku hiyo hiyo. Mama yake akatishia kutoka na mchango wake. Kikundi kilikuwa karibu kuvunjika.

Tuliwaomba waache jina la mtu, watazame kazi yenyewe. Nani anafungua? Binti huyo, saa kumi na moja alfajiri. Nani anapika, anahudumu, anaosha vikombe na kupokea pesa? Ni yeye yule. Nani anafunga? Ni yeye. Nao wanachama 14 wako wapi? Hapo vichwa vikainama. Ni kweli alikosa kwa mzee, naye alikubali. Lakini mtu aliyechoka tangu alfajiri hawezi kutabasamu mpaka jioni. Malalamiko mengi juu ya mhudumu, ukiyachunguza, ni malalamiko juu ya namna kikundi kilivyopanga kazi.

Waliamua hivi: zamu mbili kwa siku na wanachama washike zamu, maji matamu kwa chai na kahawa, bei iandikwe ukutani na ikibadilika mteja aelezwe, kahawa ya kusaga ikiisha, kibao kishushwe, anayetangulia kuingia ahudumiwe kwanza, awe na tai au shuka. Na kila mwisho wa mwezi, wateja watano waulizwe yale maswali mawili.

Hatutawadanganya kwamba viti vimejaa kama mwanzo. Lakini kodi sasa inalipwa na mauzo, na akiba haiguswi. Yule mzee alitafutwa na mwenyekiti akamwomba radhi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema atakuja siku atakayopita. Alikuja na wenzake wawili.

Kumbukeni pia kwamba mambo haya ni haki, si wema tu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, kupewa maelezo anayohitaji, na kulindwa afya yake. Kwa hiyo leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula visichukuliwe kama usumbufu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja mteja mmoja aliyekuwa akija kwetu na sasa haji. Nani kati yetu atamtembelea?
2. Kuna jambo gani tunalowaficha wateja wetu juu ya kipimo, bei au ubora?
3. Nani akiingia kwetu hungojeshwa kuliko wengine? Kwa nini?
4. Je, anayehudumu kwa niaba yetu anapumzika? Nani anamsaidia?

Someni maswali haya polepole, na mwenye kusema asikatizwe. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.