Chuma Ndani ya Mguu: Kwa Nini Mfupa Bado Unahitaji Kubeba Uzito

Mgonjwa aliyewekewa chuma baada ya kuvunjika mguu huuliza: ikiwa chuma ni imara kuliko mfupa, mbona naambiwa nitembelee magongo? Jibu limo katika somo la fizikia la sekondari, kwenye mada ya sifa za vitu yabisi.

Mkazo

Mkazo ni kani ikigawanywa kwa eneo linaloibeba. Mtu wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja, uzito wake ni takriban nyutoni 600. Tuseme sehemu ngumu ya mfupa wa ugoko ina eneo la milimita za mraba 300. Kila milimita ya mraba itabeba nyutoni 2 tu. Mfupa wa mtu mzima mwenye afya hustahimili mgandamizo unaozidi nyutoni 150 kwa eneo hilo. Lakini mfupa huvumilia zaidi kugandamizwa kuliko kuvutwa au kusokotwa. Ndiyo maana ajali ya pikipiki, inayokunja na kusokota mguu kwa nguvu nyingi, huuvunja.

Ukakamavu

Ukakamavu ni jinsi kitu kinavyokataa kunyumbuka. Hupimwa kwa moduli ya Young, iliyopewa jina la daktari Mwingereza Thomas Young, aliyeieleza mwaka 1807. Kwa sehemu ngumu ya mfupa, moduli hiyo ni takriban gigapaskali 17 hadi 20. Kwa titani ni takriban 110, na kwa chuma cha pua takriban 200. Vitu viwili vikibeba mzigo kwa pamoja, kilicho kikakamavu zaidi huelekea kuchukua sehemu kubwa. Basi chuma huupunguzia mfupa kazi. Hilo ni msaada mwanzoni, lakini likizidi huwa hasara: mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba, kama alivyoeleza daktari Mjerumani Julius Wolff mwaka 1892. Usiobebeshwa kitu hukonda.

Uchovu

Waya ukikunjwa mara moja haukatiki. Ukikunjwa tena na tena hukatika. Chuma cha mguuni nacho huchoka kwa hatua nyingi. Mfupa hai huziba nyufa zake ndogo; chuma hakina uwezo huo. Kwa hiyo kazi ya chuma ni kuupa mfupa muda. Mfupa usipounga, hata chuma kizuri kinaweza kukatika.

Maana yake kwa mgonjwa na mhudumu

Mgonjwa asitupe magongo kabla ya kuruhusiwa, wala asilale kitandani kwa hofu baada ya kuruhusiwa kukanyaga. Yote mawili huchelewesha kupona.

Mhudumu asiseme tu "kanyaga kidogo". Ikiwa daktari ameruhusu kilo 20, mgonjwa aweke mguu huo juu ya mizani ya kupimia uzito, akandamize hadi isome 20, arudie mpaka mwili uuzoee mzigo huo. Kiwango huongezwa kwa maelekezo ya daktari, baada ya uchunguzi na picha za eksirei.

Maumivu mapya ya ghafla, mguu kupinda, homa, au kidonda kutoa usaha ni dalili za kurudi hospitali mara moja, bila kungoja tarehe ya kliniki.