ACHA PIKIPIKI KWA SAFARI FUPI, LAKINI ANGALIA FRENI



Mfanyakazi anawasha pikipiki kwenda sokoni, kilometa mbili tu. Jioni anaiwasha tena kwenda kusalimia jamaa. Mwisho wa mwezi anauliza: mshahara umekwenda wapi? Sehemu yake imeungua pamoja na esanse.

Kwa safari kama hizo, baiskeli, ile tunayoita kinga, inatosha. Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, esanse ilipokosekana Kisangani, watu walisafiri kwa baiskeli za taksi zinazoitwa toleka. Na sisi wa Kivu, kwenye barabara ya Sake na Goma, tunaona chukudu za mbao zikibeba viazi na makala bila tone la esanse.

FAIDA YA MWILI

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri mtu mzima atumikishe mwili wake angalau dakika 150 kila juma. Dakika 15 za kwenda na 15 za kurudi, siku tano, hesabu imetimia. Moyo unapata nguvu, na hatari ya ugonjwa wa sukari inapungua. Anayechimba anatoka jasho kila siku. Dereva na karani, wanaokaa kwenye kiti tangu asubuhi, ndio wanaohitaji zaidi.

HATARI IKO KWENYE MTEREMKO

Masisi ni milima, Walikale ni mvua na matope. Baiskeli inayokwenda kilometa 20 kwa saa inapita zaidi ya mita 5 kila sekunde. Mwendo ukiongezeka mara mbili, freni zinahitaji nafasi mara nne ili kusimamisha. Na gurudumu likilowa, freni zinateleza.

Tazameni mwenye chukudu. Freni yake ni kipande cha mpira wa zamani anachokanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Akijua mzigo ni mzito, anakiangalia kabla ya kushuka. Nasi tufanye hivyo:

1. Kila asubuhi, kamata freni ya mbele na sukuma baiskeli. Halafu ya nyuma. Gurudumu likizunguka, usipande.

2. Kwenye mteremko mkali au utelezi, shuka na uongoze baiskeli kwa mkono. Si haya.

3. Kofia ya mgodi imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Haitoshi kwa mtu anayeanguka kwa ubavu. Tafuta kofia ya baiskeli, na ufunge mkanda wake chini ya kidevu.

4. Usiku, weka taa mbele na kioo chekundu nyuma. Pita upande wa kuume.

5. Ukitoka kazi ya usiku na usingizi umekushika, tembea kwa miguu.

6. Usimbebe mtoto bila kiti chenye kinga ya miguu. Mguu mdogo unaingia upesi kati ya vijiti vya gurudumu.

Mama, ukiona mpira wa freni umeisha, usingojee baba akumbuke. Mwambie kabla hajatoka. Fedha za mpira huo zitapatikana tena mwezi ujao. Mguu uliovunjika unaweza kuketisha nyumba nzima njaa.

PANDA KWA NGUVU, SHUKA KWA AKILI!