Likizo ya baba: siku 3 katikati ya msimu wa pamba

BARIADI – Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, kwa kawaida kati ya Mei na Juni, kila mwenye nguvu hutafutwa. Mizani za vyama vya msingi hazipumziki, malori hupanga foleni kwenye vinu vya kuchambulia pamba, na kibarua asiyefika kazini huona nafasi yake imechukuliwa. Mtoto akizaliwa katika miezi hiyo, baba huwa na hesabu mbili za kufunga: ya nyumbani na ya kazini.

Hesabu ya kisheria ni fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 34, ilimpa baba aliyeajiriwa likizo yenye malipo isiyopungua siku 3, mradi aichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama alipewa siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 3 hizo za baba ni za mzunguko wa miezi 36. Akipata watoto wawili katika kipindi hicho, haziongezeki.

Kwa majirani viwango ni tofauti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 iliweka wiki mbili zenye malipo kamili, na ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka siku 4 za kazi.

Je, mwajiri anagharimika kiasi gani? Chukua mfano wa mpakiaji wa marobota anayelipwa shilingi 260,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Siku 3 ni shilingi 30,000. Katika miezi 36 mtu huyo ana siku 936 za kazi, hivyo likizo hiyo haifiki hata theluthi moja ya asilimia moja ya mshahara wake. Kinachouma ni pengo la ghafla siku ambayo lori linasubiri, si fedha yenyewe.

Ni rahisi kudhani kuwa likizo hii ni ya walioajiriwa kwa kudumu tu. Kifungu cha 29 kinawanyima likizo yenye malipo wenye utumishi wa chini ya miezi 6, lakini kinawatoa wafanyakazi wa msimu katika sharti hilo. Mwenye kinu anayemkata mshahara mfanyakazi wa msimu kwa siku hizo anajitafutia mgogoro usio na faida.

Walio wengi Simiyu, hata hivyo, hawana mwajiri. Mkulima wa Meatu, wakala wa mazao Maswa na mwenye duka Bariadi mjini hawaguswi na kifungu chochote cha likizo. Duka likifungwa siku 3, mauzo hupotea na pango halisimami. Kwao likizo ni akiba waliyoiweka wenyewe, pamoja na ndugu anayeweza kushika funguo.

Bei ya pamba huweza kubadilika wakati wowote, lakini mimba hutoa taarifa ya miezi kadhaa. Mwajiri anayeuliza mapema nani anatarajia mtoto, na kumwandaa wa kumshikia nafasi, hasimamishi kazi. Naye baba hapaswi kuchagua kati ya ujira wa siku na mzazi aliye wodini.