Mji wa Pangani na Nyumba Zake za Kale

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la Pangani, walakini waliofika ni wachache, maana reli haipiti huko. Mji ni mdogo, nao umekaa upande wa kaskazini wa mlango wa mto. Ng'ambo ni Bweni, penye kilima. Mto wenyewe hupata maji yake Kilimanjaro na Meru, na huko juu huitwa Ruvu. Kwa kufuata bonde lake misafara ilipanda mpaka nchi ya Wamasai kutafuta pembe. Richard Burton na John Speke nao walipita hapa mwaka 1857, wakienda Fuga kwa Kimweri, mfalme wa Washambaa.

Katika bonde hilo Waarabu walilima miwa, wakaisindika na kupika sukari guru. Waliolima kwa jembe na waliokata walikuwa watumwa. Mapatano ya mwaka 1873 yalikataza kuwapakia watumwa vyomboni. Hata hivyo wengine walivushwa kwa siri mpaka Pemba, na wengine wakabaki katika miwa. Basi mtu azitazamaye nakshi za milango ya Pangani asilikumbuke jambo hili, twaona hajaiona milango yenyewe.

Jengo kubwa ni Boma. Husemwa lilijengwa mwaka 1810 na tajiri mmoja Mwarabu awe na makao yake, na baadaye Wadachi wakalifanya ofisi ya wilaya. Wenyeji husimulia ya kuwa watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili nyumba isimame imara. Hayo ni masimulizi ya vinywa. Lakini wajukuu wa watu waliouzwa hawakuona shida kuyasadiki, na hilo peke yake ni habari ya kutosha.

Mwezi wa Agosti 1888 kampuni ya Kidachi ilitweka bendera yake mjini. Mkuu wake hapa alikuwa Emil von Zelewski, mtu mwenye kiburi, na watu walikasirika sana kwa kuwa msikiti uliingiwa na mbwa. Ndipo alipoinuka Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa, na pwani yote ikawaka. Hermann von Wissmann akaja na askari, akautwaa mji mwezi wa Julai 1889. Abushiri alikamatwa, akanyongwa papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo. (Zelewski naye aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwaka 1891.) Hemedi bin Abdallah aliitungia vita hiyo utenzi mrefu. Walimu huwafundisha watoto ya kuwa Abushiri alikuwa shujaa, nasi hatukatai. Twaomba tu wamtaje pia yule aliyekuwa akikata miwa yake, ambaye hakuulizwa neno na upande wo wote.

Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu ya katani kutoka Florida. Ilipofika, iliyo hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kwa miche hiyo michache nchi nzima ilipata zao, hata katika miaka ya 1960 katani iliyotoka hapa kwa mwaka ilizidi tani 200,000.

Katika forodha ya mji huu alifanya kazi Shaaban Robert, alipokuwa karani kijana.

Sasa nyumba nyingi za mawe ya matumbawe chokaa yake yabanduka, na boriti zaoza. Bahari nayo yala ufuko. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje hata miaka ya 1970. Leo ni fungu la mchanga, na maji yakijaa hufunikwa lote. Kasa bado hupanda kutaga pale pale walipozoea, na watu huyahamisha mayai mpaka ufuko wa Ushongo, yasichukuliwe na maji.