Mkono mmoja haulei mtafiti

Msiba ukitokea kwa Wamaori wa New Zealand, ndugu hukusanyika kwenye marae, uwanja wa ukoo, wakakaa na marehemu wao kwa siku kama tatu hadi azikwe. Kwa kijana aliye chuo kikuu, siku hizo zinaweza kuangukia wiki ya kuwasilisha kazi. Akienda msibani, mwalimu anaweza kumwona mzembe. Asipoenda, nyumbani watasema elimu imemchukua.

Hapo ndipo mwalimu anayemlea mtafiti kijana hujulikana kama anajenga au anabomoa.

Wazo la usalama wa kitamaduni lilizaliwa nchini humo, tena katika uuguzi. Mwaka 1988 mwanafunzi Mmaori wa uuguzi aliuliza mkutanoni: mnazungumzia usalama wa kisheria na wa kitabibu, na wa utamaduni je? Irihapeti Ramsden, muuguzi na mwalimu Mmaori, alilikuza wazo hilo, na mwaka 1992 Baraza la Wauguzi likaliingiza kwenye mafunzo. Msingi wake ni mmoja: anayehudumiwa ndiye husema kama yuko salama, si anayehudumia.

Kwa mwalimu wa chuo, maana yake ni kwamba haitoshi kujiona mwema. Amuulize kijana, kisha akubali jibu. Ajue pia kwamba wazee wa kijana huyo waliwahi kupimwa na kuandikwa bila kuulizwa. Profesa Linda Tuhiwai Smith alieleza uchungu huo katika kitabu chake cha mwaka 1999, Decolonizing Methodologies.

Njia zipo. Kituo cha utafiti cha Wamaori, Ngā Pae o te Māramatanga, kilichoanza mwaka 2002, kina mtandao unaowakutanisha wanafunzi wa shahada za juu ili asiwepo anayehangaika peke yake. Baadhi ya vyuo vikuu huruhusu tasnifu iandikwe kwa Kimaori.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mapema, kabla utafiti haujaanza, mwalimu, kijana na wazee wakae pamoja wakubaliane: tarehe zipi haziguswi, msiba ukitokea itakuwaje, na habari za ukoo zitakazokusanywa zitabaki kwa nani. Dakika chache za mazungumzo hayo zinaweza kumwepusha kijana na kuchagua kati ya shahada na ndugu zake.