Goti Lililopasuliwa Linakazwa kwa Mazoezi



Ndani ya goti lako mna kano ya msalaba ya mbele. Ni kamba fupi, ngumu, inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Hukatika mguu ukikanyaga imara na mwili ukageuka ghafula: katika mpira wa jioni hapa Baraka, au kwenye mteremko wa mgodi wenye tope, gunia likiwa begani. Mganga mpasuaji huchukua kipande cha kano nyingine, mara nyingi ya nyuma ya paja, akakipachika mahali pake. Baada ya hapo kazi ni yako.

Juma la 1 na la 2: Tembea na magongo. Ukilala, inua mguu. Kaza msuli wa mbele wa paja, hesabu mpaka 5, legeza. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Nyosha goti mpaka linyooke kabisa. Ukiacha jambo hili, utachechemea.

Juma la 3 mpaka la 12: Kunja goti polepole. Simama na kukaa kitini bila kujishika. Panda kidato kimoja na kushuka. Goti likikunjika vizuri, inua gurudumu la nyuma la baiskeli yako litoke chini, uzungushe pedali papo hapo.

Tangu mwezi wa 4: Kama goti halivimbi na mganga amekubali, kimbia taratibu mahali pa sawa. Kuruka na kugeuka huja baadaye.

Sasa sikia hatari yenyewe. Katika mwezi wa 2 na wa 3 maumivu yamekwisha, nawe wajiona mzima. Kumbe kipande kile bado mwili unakigeuza kiwe kano, na wakati huo nguvu zake ni chache kuliko siku kilipowekwa. Nyumbani wanangoja mshahara, kapita anataka watu. Usishike gunia! Omba karatasi ya mganga upewe kazi nyepesi. Kazi nzito mara nyingi hungoja miezi 6 au zaidi. Mpira usiucheze kabla ya miezi 9, na mguu uliopasuliwa uwe na nguvu walau sehemu 9 katika 10 za mwenzake.

Yannick Bolasie, mchezaji wa timu ya taifa ya Kongo, aliumia goti Desemba 2016 akichezea Everton ya Uingereza. Alirudi uwanjani Desemba 2017, ijapokuwa alikuwa na waganga na vyombo vyote. Wewe wa mgodini utakimbilia wapi?

Ukiona shavu la mguu limevimba na kuuma, au una homa, au kidonda kinatoa usaha, njoo dispensari siku ile ile. Ukishindwa kupumua vizuri, usingoje hata saa moja.

Nawe kapita, mtu akikuletea karatasi ya kazi nyepesi, iheshimu. Kano ikikatika mara ya pili, utamkosa mtu huyo kwa mwaka mwingine.